Kompyuta ya 486 iliyolala stoo: usikubali muuzaji aichomeke

SWALI: Assalaamu alaykum fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nipo Wete. Kuna mtu Mjini, mtaa wa Kikwajuni, anauza kompyuta ya mezani ya marehemu baba yake, ambaye alirudi nayo kutoka Uingereza mwaka 1995. Kasha limegeuka manjano, mbele pana kibandiko cha 486 DX2, na inakuja na monita yake ya chogo na kibodi. Imefungiwa stoo miaka mingi. Anataka shilingi 250,000, na anasema nikifika ataichomeka mbele yangu nione kama inawaka. Nia yangu ni kuirudisha ilivyokuwa, ili wanafunzi wangu waione na waitumie. Ninunue? Na nikishaipata, nianzie wapi?

JIBU: Waalaykumu ssalaam mwalimu. Kabla ya habari ya bei, nakuomba umpigie simu muuzaji leo, umwambie asiichomeke. Asiichomeke leo, wala siku utakayofika. Ikiwaka utakuwa umejua kidogo sana, kwa sababu mazabodi, yaani bodi kuu ya ndani, iliyoanza kuliwa na kutu inaweza kuwaka vizuri mbele yako na ikafa baada ya miezi. Na ikiwa ndani mna unyevu, au kapasita moja tu (kijidude cha kuhifadhi umeme kwa muda mfupi) imekufa, dakika ile ya kukuonyesha inaweza kuunguza chipu ambazo asubuhi yake zilikuwa nzima. Kompyuta ya umri huu ikishalala muda mrefu hufunguliwa kwanza, ikakaguliwa, ikasafishwa, ikapimwa, ndipo ikapewa umeme. Mengine yote nitakayokueleza yanafuata utaratibu huo.

Visiwani kwetu jambo hili ni zito kuliko kwengine. Mashine kama hiyo ikikaa miaka 25 kwenye dari kavu ya nyumba ya London, hutoka na vumbi tu. Hapa hewa ya bahari ina chumvi, chumvi hutua juu ya vumbi, na vumbi lenye chumvi huvuta maji hewani na kuyashikilia. Mchanganyiko huo hupitisha umeme. Masika moja baada ya nyengine, kila mguu wa chipu na kila kiungo cha risasi huoga humo. Tena kuna wakaazi: mende hutaga kwenye pawa saplai (sanduku linalogawa umeme ndani ya kompyuta) kwa sababu ya giza, mjusi kafiri huingia kupitia tundu la kadi lililoachwa wazi nyuma, nyigu hujenga kwa udongo ndani ya feni. Mjusi mmoja mkavu aliyelala juu ya sehemu yenye volti 300 anatosha kumaliza kila kitu siku ya kuwasha.

Je, mashine yenyewe ina thamani ya kuhangaikiwa? Kwa nia yako, nasema ina thamani, tena kubwa. Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na ni katika miaka ya 1990 kompyuta za mezani zilipoanza kuzoeleka maofisini. Kwa hiyo 486 ni ya kizazi cha kwanza ambacho wazee wengi wa makarani wetu walikigusa kwa mikono yao. Chipu ya 486 ilitoka kiwandani kwa Intel mwaka 1989 ikiwa na transista zaidi ya milioni moja. DX2 ikafuata mwaka 1992: ndani inakwenda kwa kasi mara mbili ya ile ya mazabodi, yaani kama ni ya megahezi 66, mazabodi inakwenda kwa 33. Mwanafunzi anaweza kufunguliwa kasha akaona kwa macho kila sehemu anayoisoma kitabuni: hii ramu, hii kadi ya video, hii hadi diski inayohifadhi mafaili, huu ndio mkanda unaobeba data. Kwenye kompyuta ndogo za leo haoni kitu. Juu ya hayo, inaweza kuletewa vipuri, na karibu kila kosa lake linatengenezeka kwa solda na subira.

Sasa ukaguzi. Nenda na bisibisi ya nyota, tochi yenye mwanga mkali, mita ya kupimia umeme, koleo ndogo ya kukatia na glavu za mpira. Muombe muuzaji akuruhusu kufungua kava. Kwa kawaida ni skrubu chache za nyuma. Akikataa, mshukuru uondoke.

Kitu cha kwanza kutafuta ni betri ya saa. Kwenye mazabodi nyingi za 386 na 486 ni pipa dogo la buluu au kijani lililolehemewa moja kwa moja kwenye bodi, mara nyingi jirani na tundu la kibodi, limeandikwa 3.6V. Ndani yake mna nikeli na kadmiamu. Kazi yake ilikuwa kuiwezesha kompyuta kukumbuka saa na mipangilio ikiwa imezimwa. Betri hii ndiyo muuaji mkubwa wa mashine za zama hizo. Ikizeeka hupasuka na kuvuja maji ya alkali, haidroksaidi ya potasiamu, na maji hayo hayabaki mahali pamoja. Hutambaa juu ya njia za shaba, hupenya chini ya rangi ya kijani ya bodi, huingia kwenye soketi za kadi zilizo karibu na kuila chipu inayosimamia kibodi, ile ndefu yenye miguu 40.

Mulika tochi kwa ubavu. Ukiona ungaunga mweupe kwenye ncha za betri tu, hali ni nzuri. Ukiona ukungu wa kijani au buluu umeenea sentimita mbili tatu, na miguu ya chipu imepoteza mng'aro, mashine ni mgonjwa wa kutibika. Ukiona njia za shaba zimekuwa nyeusi, rangi ya bodi imeinuka kama malengelenge, na soketi za kadi zimejaa kijani ndani, basi mazabodi ile usiilipie hata senti. Lipia kasha, kadi na monita peke yake.

Inawezekana pia usikute pipa bali kijisanduku cheusi kilichoandikwa Dallas na kuchorwa saa ya kengele. Hapo furahi. Betri yake imezikwa ndani ya plastiki, haivuji. Itakuwa imekufa, lakini kifo chake hakimdhuru jirani. Chipu za kubadilisha, za aina ya DS12887, zinapatikana, ila uwe mwangalifu na za bei chee sana mtandaoni: nyingi ni kuukuu zilizofutwa na kuandikwa upya.

Baada ya betri, mulika kapasita. Zile za silinda zisiwe zimevimba kichwani wala kuacha doa la mafuta chini yake. Zile ndogo zinazofanana na tone, za manjano, chungwa au buluu, ni za tantalamu. Hazionyeshi ugonjwa kwa nje, tutazipima. Angalia nyuma ya pawa saplai kama pana swichi nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230. Kwa kuwa ilitoka Uingereza itakuwa 230, lakini hakikisha, kwa sababu stoo watoto huchezea. Ikiwa kwenye 115 na ukaichomeka kwenye umeme wetu, itaripuka pale pale. Kisha angalia kama kadi zote zimo, kama hadi diski imo, na kama kutu ya kasha ni ya juu juu au imetoboa bati.

Kuhusu bei, haya ni maoni yangu. Laki mbili na nusu ni halali ikiwa betri haijavuja au ni ya aina ya Dallas, kadi zote zimo, na monita haina ufa. Betri ikiwa imevuja kiasi, mwambie ukweli, mwonyeshe kwa tochi, na muelewane karibu na laki na nusu, kwa maana utahitaji kumlipa fundi. Mazabodi ikiwa imeliwa kabisa, elfu sitini mpaka themanini kwa vilivyobaki inatosha. Usimpunje kwa kumwambia ni takataka. Ni kumbukumbu ya baba yake.

Hapo hapo nakuomba uzungumze naye habari ya hadi diski. Humo ndani zinaweza kuwa barua za marehemu, hesabu zake, pengine mambo ya urithi. Hiyo ni amana. Mwahidi kwamba kabla ya kufuta chochote utamtolea nakala ya vilivyomo na kumkabidhi, na wewe hutavisoma. Mashine umeinunua, barua hukuzinunua.

Mkishamalizana, vaa glavu, kata miguu ya lile pipa la betri palepale na ulitoe. Usisubiri kufika Wete. Lifunge kwenye mfuko wa plastiki. Kadmiamu ni sumu, basi lisitupwe kwenye jaa wala lisichomwe moto nyuma ya nyumba pamoja na takataka. Liweke kwenye chupa yenye mfuniko, mbali na watoto, mpaka upate pa kulikabidhi pamoja na betri nyengine chakavu. Unawe mikono kwa sabuni.

Safari ya boti kutoka Malindi hadi Mkoani ina mtikisiko wake. Chomoa hadi diski uibebe mkononi, imefungwa kwa nguo. Kadi zichomolewe na kila moja ifungwe peke yake kwa karatasi kavu. Monita ilazwe kioo kikiangalia chini juu ya mto au godoro, kwa sababu uzito wake wote uko mbele. Isikae pembeni ya sitaha ambako maji ya chumvi hurukia.

Ukifika nyumbani, iache kasha likiwa wazi kwenye chumba chenye hewa, feni ikipuliza, wiki nzima ikiwezekana. Usiianike juani. Usiitie kwenye mchele. Mchele unaongeza unga na wadudu.

Kisha anza na mazabodi. Itoe kabisa ndani ya kasha, lakini piga picha kwanza kila waya unakokwenda, hasa zile nyaya nyembamba za taa na vitufe vya mbele. Ondoa vumbi kwa brashi laini kavu. Pale betri ilipovuja, paka siki nyeupe kwa mswaki laini na usugue taratibu; itatoa povu dogo inapokutana na mabaki ya alkali. Ndimu nayo hufanya kazi lakini huacha mabaki ya kunata, siki ni bora. Rudia mpaka povu likome. Halafu suuza, na hapa ndipo wengi huharibu: maji ya bomba au ya kisima ya visiwani yametoka kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, na ya kisima cha karibu na pwani yana chumvi pia. Ukisuuza nayo unarudisha ugonjwa. Nunua maji safi yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri za gari, na muulize muuzaji mara mbili kama hayana asidi. Maliza kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ambayo hufukuza maji chini ya chipu. Acha ikauke siku mbili tatu mbele ya feni.

Sasa chukua mita uiweke kwenye kupima mwendelezo, fuata kila njia ya shaba katika eneo lililoliwa, mwanzo hadi mwisho. Iliyokatika huungwa kwa kipande chembamba cha waya: unakwangua rangi ya kijani pande mbili, unatia risasi, unalehemu. Kwa kazi hii mimi ningempelekea kijana wa kutengeneza simu, mwenye darubini mezani na solda ya ncha nyembamba. Mikono yao imezoea vitu vidogo kuliko hivi. Kwa pawa saplai na monita, mtafute mzee wa kutengeneza TV. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati bara hawakuwa na kituo chochote, na ujuzi wa vioo vya chogo ulirithishwa hapa kutoka fundi hadi fundi. Wazee hao bado wapo, na kazi kama yako huwafurahisha. Muombe akuruhusu ukae karibu uone.

Betri mpya usilehemu nyengine ya pipa pale pale. Mazabodi nyingi zina pini nne zilizoandikwa betri ya nje. Hapo unaunganisha kishikizo cha betri tatu za AA kwa waya mrefu, ukakifunga mbali na bodi, chini ya kasha, ili siku zikivuja zivujie bati. Hakikisha kijampa (kijifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili) kinachochagua betri ya nje kimewekwa kama kitabu cha bodi kinavyosema. Kama pini hizo hazipo na unalazimika kutumia matundu ya betri ya zamani, weka diodi (kijidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye waya chanya, kwa mfano 1N5817, kwa sababu matundu yale hupeleka umeme wa kuchaji, na betri zisizochajiwa zikichajiwa hupasuka.

Pawa saplai ndiyo sehemu ya khatari kwa mwili wako, basi nenda taratibu. Ile ni ya mtindo wa AT. Swichi yake ya mbele si kitufe cha amri kama kompyuta za leo. Ni swichi ya umeme wenyewe, volti 230 zinatembea kwa waya mnene mpaka uso wa kasha. Angalia vifuniko vya plastiki vya nyaya hizo pale kwenye swichi. Vikiwa vimekatika, vibadilishe kabla ya jambo jengine lolote. Ndani ya sanduku la pawa saplai, kapasita kubwa mbili hushikilia takriban volti 325 za umeme mnyoofu na zinaweza kubaki nazo baada ya kuchomoa. Asiyezoea asilifungue. Fundi akilifungua, asafishe wadudu, abadilishe kapasita zilizovimba, na atafute kijisanduku cha plastiki ya manjano inayopenya mwanga, chenye nyufa ndogondogo usoni. Hizo ni kapasita za karatasi za kuchuja umeme wa ukutani. Nyufa huingiza unyevu, na siku ya kwanza ya umeme hutoa moshi mzito wenye harufu ya kuudhi. Zibadilishwe kwa mpya za daraja la X2 hata kama bado zinapima vizuri.

Pawa saplai za AT nyingi hazitaki kuwaka bila mzigo. Tumia taa mbili za indiketa za gari, za volti 12 na wati 21: moja baina ya waya wa njano na mweusi, ya pili baina ya mwekundu na mweusi. Mara ya kwanza kabisa umeme upite kwenye balbu ya zamani ya wati 100 iliyoungwa mfululizo na waya wa moto, kama mafundi wa redio wanavyofanya. Balbu ikimeta kisha ikafifia, ni salama kuendelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, zima. Baada ya hapo iwashe moja kwa moja bila balbu na upime: waya mwekundu uwe baina ya volti 4.75 na 5.25, wa njano baina ya 11.4 na 12.6.

Kabla ya kuiunganisha na mazabodi, pima ukinzani baina ya pini ya volti 5 na ardhi, halafu baina ya 12 na ardhi. Ukipata karibu na sifuri, kuna kapasita ya tantalamu iliyokufa, mara nyingi karibu na soketi za kadi. Na sasa onyo ambalo ningelichora kwa wino mwekundu: plagi mbili zinazopeleka umeme kwenye mazabodi, P8 na P9, zinaweza kuingia kinyume. Zikiingia kinyume, mazabodi huungua mara moja. Nyaya nyeusi za plagi zote mbili lazima zikutane katikati, nyeusi kwa nyeusi. Tazama, tazama tena, ndipo uwashe.

Mara ya kwanza weka vitu vichache: mazabodi, ramu, kadi ya video na spika ndogo. Safisha meno ya ramu na kadi kwa kitambaa chenye isopropili. Kama ramu ni za pini 72, moja inatosha. Za pini 30 lazima ziwe nne pamoja. Kwa majaribio tumia monita bapa ya kisasa yenye plagi ya pini 15, itaonyesha vizuri tu. Ikinyamaza, sikiliza milio: kwenye BIOS (programu ya kuanzisha kompyuta iliyomo kwenye mazabodi) ya kampuni ya AMI, mlio mmoja hadi mitatu huelekea kwenye ramu, na minane kwenye kadi ya video, ya Award hutoa mmoja mrefu na miwili mifupi kwa tatizo la video. Ikiwaka, itakulalamikia kwamba mipangilio imepotea, jambo la kawaida. Kibodi ya USB haitafanya kazi. Kama ya asili imekufa, ya plagi ndogo ya duara inakubali kupitia adapta.

Hadi diski ya zamani inaweza kuwa bado inazunguka, lakini usiitegemee. Kwa joto letu, baadhi ya diski za wakati ule zina vipira vya ndani vinavyoyeyuka na kuwa ulimbo, na kichwa kikanata. Ikizunguka hata mara moja, hiyo mara moja iwe kwa ajili ya amana niliyokutajia. Adapta nyingi za USB haziitambui diski ndogo za zama hizo. Njia ya uhakika ni kompyuta ya Pentium, kizazi kilichofuata 486, yenye tundu la IDE (la mkanda wa diski za zamani), ikiendeshwa kwa Linux, na programu ya ddrescue inayonakili diski nzima sekta kwa sekta. Flopi zikiwemo, zitazame kwanza kwa mwanga: zenye madoa meupe ya ukungu zisiingizwe kwenye draivu, maana zitachafua kichwa cha kusomea na kuharibu flopi zinazofuata.

Kwa matumizi ya darasani, weka kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash kwenye adapta ya IDE badala ya diski. Haina kelele na haiogopi kutikiswa. BIOS nyingi za 486 za mwanzo haziwezi kuona zaidi ya silinda 1024, vichwa 16 na sekta 63 (namba tatu zinazoieleza BIOS ukubwa wa diski), yaani megabaiti 528 hivi, kwa hiyo usipoteze pesa kununua kadi kubwa. Andika namba hizo tatu kwenye mipangilio, igawe kwa programu ya FDISK, ifomati, uweke mfumo wa MS-DOS 6.22 ukipata diski zake halali, au FreeDOS ambayo ni ya bure. Ukipata MS-DOS utakuwa na QBasic, lugha nyepesi ya kuandikia programu, ndani yake, na hapo, mwalimu, ndipo utakapoona faida ya kazi yote: mtoto anaandika mistari mitano, anabonyeza F5, na mashine inafanya alichoiambia yeye, bila intaneti na bila akaunti.

Monita ya chogo muachie mzee wa TV. Ndani yake kama ni ya rangi mna volti zinazofika 25,000. Ukiona picha imepinda kidogo au pembeni pana doa la zambarau, si lazima iwe mbovu. Monita za rangi zilirekebishwa kwa usumaku wa dunia wa kule zilikouzwa, na hiyo ilirekebishwa kwa kaskazini. Fundi anaweza kuondoa usumaku na kurekebisha.

Umanjano wa kasha mimi ningeuacha. Watu hupaka ile dawa ya saluni ya kupaushia nywele, yenye haidrojeni peroksaidi asilimia 12, na kuianika juani. Hufanya kazi, lakini jua letu ni kali, dawa hukauka haraka na kuacha mabaka, plastiki hupinda kwa joto, na umanjano hurudi. Sabuni ya vyombo na kitambaa vinatosha.

Skulini, jambo la kwanza ni waya wa ardhi. Pasipokuwa na ardhi, bati la kasha hukutekenya kidogo kila ukiligusa, kwa sababu ya vichujio vya pawa saplai, na likiwepo kosa jengine litampiga mtoto. Mwite fundi umeme apime soketi. Pemba imeunganishwa na Tanga kwa kebo ya baharini tangu mwaka 2010 na hali ni tafauti na enzi za jenereta, lakini umeme bado hukatika, na madhara huja unaporudi. Tumia kile kifaa cha kulindia friji kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kupitisha umeme, na ukikatika zima swichi ya mbele. Kava lisifunguliwe wanafunzi wakiwepo ila waya wa ukutani uwe umechomolewa na uko mkononi mwako. Wakati wa masika iwashe walau mara moja kwa wiki kwa saa moja, joto lake lenyewe linafukuza unyevu.

Na ukishaipata ikifanya kazi, andika kwa kalamu mipangilio yote ya BIOS, namba za silinda, vichwa na sekta, mahali pa vijampa na tarehe ulipoweka betri za AA, uigandishe karatasi hiyo ndani ya kava. Betri hizo zitolewe na kubadilishwa kila mwaka, hata kama bado zina nguvu.